Kondoo Mmoja, Tegu Wanne: Je, Kinga Dhidi ya Mmoja Humzuia Mwingine?

Ndugu mwenyekiti, walimu wangu, wanafunzi, na nyinyi mliokuja kwa udadisi tu: wakubwa shikamooni, na wadogo zangu hamjambo.

Nitaanza na kazi iliyoniharibikia. Nilipokuwa mwanafunzi nilipewa jukumu lililoonekana jepesi: kuwalisha vipanya weupe wa maabara lava, yaani wachanga, wa tegu aitwaye Hymenolepis diminuta, kuwapasua baada ya wiki moja, kisha kuhesabu minyoo. Kwa leo nikisema "kipanya" namaanisha yule mdogo, na nikisema "panya" namaanisha jamaa yake mkubwa. Wataalamu wa lugha mtanivumilia. Lava hao tuliwatoa ndani ya mbawakavu wa unga, wadudu wadogo wekundu wanaokula nafaka, nikawahesabu mmoja mmoja chini ya darubini. Nilijiona fundi.

Wiki ikapita. Nikafungua utumbo wa kipanya wa kwanza kwa mkasi mdogo, nikaulaza kwenye sahani ya maji vuguvugu ya chumvi, nikasubiri tegu ajikunjue kama uzi mweupe. Hakuna kitu. Wa pili, hakuna. Wa tatu, hakuna. Nilikuwa na hakika kwamba nimewalisha vibaya, na nilikuwa tayari kuanza upya, mpaka mzee aliyekuwa akitunza wanyama aliposogea, akausukuma ute pembeni kwa ncha ya sindano na kusema, "Hebu tazama huku nyuma kabisa, mwanangu." Karibu na mwisho wa utumbo mwembamba palikuwa na vinyuzi vifupi, vyembamba kuliko nilivyotarajia. Ni tegu mwingine, Hymenolepis nana, yule mdogo kabisa. Vipanya walikuja naye kutoka walikonunuliwa, wala hakuna aliyekumbuka kuchunguza kinyesi chao kabla ya kuwaingiza kwenye jaribio.

Mwalimu wangu alicheka. Aliniambia nimerudia bila kujua kazi ambayo Donald Heyneman aliichapisha mwaka 1962: kipanya aliyekwisha kumezeshwa mayai ya nana humkataa diminuta anayekuja baadaye. Spishi mbili tofauti, mwenyeji mmoja, yaani mnyama anayebeba minyoo, na wa kwanza amemfungia mlango wa pili. Hiyo ndiyo kinga mtambuka, na tangu siku ile sijaacha kuifikiria.

Swali lililonisumbua lilikuwa hili: kwa nini nana aweze kumzuia diminuta? Jibu limo katika jinsi kila mmoja anavyoingia. Yai la nana likimezwa na kipanya hupasuka utumboni, na kilava kilichomo, chenye kulabu 6, hujichimbia ndani ya vinyweleo vya ukuta wa utumbo. Humo hukaa siku 4 hivi akijigeuza, kisha hutoka na kuanza maisha ya mnyoo mzima. Diminuta hafanyi hivyo kwa kipanya wala kwa panya. Uchimbaji wake huufanya ndani ya mdudu, na akifika kwa mnyama anayenyonyesha hubaki kwenye uwazi wa utumbo, akiogelea katika chakula kilichosagwa. Mmoja amegusa nyama ya mwenyeji, mwingine amepita sebuleni tu. Mwili hujifunza vizuri zaidi kwa yule aliyemgusa, na somo lile lile humdhuru jamaa yake ambaye hata hakuvunja ukuta.

Kilava hicho chenye kulabu 6 wataalamu hukiita onkosfia. Naomba mlikamate jina hilo, maana karibu kila nitakachosema leo kinamhusu. Watu wakisikia tegu hufikiria ule utepe mrefu wa pingili: Taenia saginata wa ng'ombe, mwenye urefu wa mita 4 hadi 12 ndani ya utumbo wa mtu, au Taenia solium wa nguruwe, mfupi kidogo. Kwa kinga, utepe huo hauna maana sana. Mtu anaweza kuishi nao miaka, akapewa dawa ukatoka, na akala tena nyama isiyoiva akaupata upya. Mwili wake haukujifunza la kumsaidia. Vita halisi hupiganwa ndani ya mwenyeji wa kati, yaani yule mnyama anayemeza mayai na kubeba lava katika viungo vyake, na hupiganwa katika siku chache za kwanza, wakati onkosfia anatoka utumboni kuelekea ini, msuli au ubongo.

Mtazameni kondoo. Malisho yakichafuliwa na kinyesi cha mbwa, kondoo mmoja anaweza kumeza mayai ya tegu wanne. Taenia hydatigena hupitia ini na kuishia kuning'inia kama vifuko vya maji kwenye utando wa tumbo. Taenia ovis huenda kwenye misuli na moyo. Taenia multiceps hukaa kwenye ubongo, na kondoo huzungukazunguka mahali pamoja mpaka anaanguka. Echinococcus granulosus, ambaye akiwa mzima ndani ya mbwa ana urefu wa milimita chache tu, hutengeneza uvimbe mkubwa wa maji kwenye ini na mapafu, na uvimbe huo humpata hata binadamu akimeza mayai yake. Wote wanne hutoka kwa mbwa, wote huanza wakiwa onkosfia, na mayai yao huwezi kuyatofautisha kwa macho hata chini ya darubini nzuri.

Kama wewe ungekuwa mfumo wa kinga wa kondoo huyu, ungeona nini? Ungeona kitu kidogo chenye kulabu 6 kikitoboa ukuta wa utumbo. Mlinzi aliyemkamata mwizi akiruka ukuta hana haja ya kujua mwizi yule alikusudia kuiba kuku au baiskeli. Anajua pale pa kurukia.

Jambo hili lilianza kueleweka zamani kuliko wengi wanavyodhani. Mwanzoni mwa miaka ya 1930, Mmarekani Harry Miller alionyesha kwamba panya wanaweza kukingwa dhidi ya lava wa tegu wa paka, ambaye hukaa kwenye ini, kwa kudungwa mada iliyosagwa ya mnyoo. Kinga hiyo iliweza hata kuhamishwa kwa serumu, yaani majimaji ya damu, kutoka panya mmoja hadi mwingine. Kisha mwaka 1932 akaripoti kwamba hata mada ya minyoo wa aina nyingine iliamsha kinga. Enzi zile wengi walishikilia kwamba mnyoo ni mnyama mkubwa mno na mwenye mambo mengi mno kuweza kuchanjiwa kama kijidudu. Nasema bila kusita kwamba kazi ya Miller ilistahili kusomwa zaidi ya ilivyosomwa.

Baadaye, huko New Zealand, Michael Gemmell aliwadunga kondoo onkosfia walio hai kwenye msuli, mahali ambapo hawawezi kufika wanakotaka kwenda. Kondoo wale walipopewa mayai kwa mdomo walikinza, tena si spishi ile tu waliyodungwa. Onkosfia wa spishi moja ya Taenia aliweza kumwandaa kondoo dhidi ya spishi nyingine. Lakini kinga dhidi ya jamaa haikuwa sawa na kinga dhidi ya spishi yenyewe, na kadiri undugu ulivyokuwa wa mbali ndivyo nguvu ilivyopungua. Jambo jingine ni kwamba onkosfia hai waliamsha kinga kuliko waliokufa. Hilo liliashiria kwamba anachojifunza kondoo ni kitu ambacho kilava hukitoa au hukionyesha akiwa kazini. Mwaka 1971 Rickard na Bell, nchini Australia, waliwakuza lava wa Taenia ovis kwenye chupa, wakachukua maji waliyokulia, wakawachanja wanakondoo kwa maji hayo. Chanjo ikafanya kazi. Hakukuwa tena na haja ya kumdunga mnyama mnyoo mzima.

Hapa naomba tukae kidogo, kwa sababu ndipo watu wengi hupotelea. Kondoo mwenye vifuko vya lava mwilini mwake anaweza kuwa na kinga kali sana dhidi ya mayai mapya, huku vile vifuko vya zamani vikiendelea kukaa kwa raha zao. Inaonekana kama kichekesho: askari wanalinda mpaka na adui amejenga nyumba mjini. Sababu ni kwamba onkosfia huuawa na kingamwili zinazojibandika juu yake, halafu zile protini za damu ziitwazo komplimenti hufuata na kummaliza. Lakini akipita siku zile za mwanzo na kugeuka kifuko, amebadili ngozi. Uvimbe wa Echinococcus hujizungushia tabaka gumu ambalo seli za kinga hazipenyi. Taenia solium hutoa protini, paramaiosini, inayoshika sehemu ya kwanza kabisa ya mnyororo wa komplimenti na kuukatisha. Kwa hiyo ukiniuliza kama kinga mtambuka humponya mnyama mwenye vifuko tayari, jibu langu ni hapana. Humzuia mgeni. Mpangaji wa zamani haguswi.

Kinga hii hata hurithishwa kwa muda. Mwanakondoo anayenyonya dang'a ya mama mwenye kingamwili hupata ulinzi katika wiki zake za mwanzo kabla hajajifunza lolote mwenyewe.

Sasa nije kwenye molekuli, na nitajitahidi nisiwachoshe. Mwaka 1989, kundi la watafiti wa Australia na New Zealand lilichapisha katika jarida la Nature chanjo dhidi ya Taenia ovis iliyotengenezwa na protini moja tu, 45W, iliyozalishwa ndani ya bakteria. Kinga ilifika asilimia 94. Ilikuwa mara ya kwanza kwa chanjo ya namna hiyo kumzuia mnyoo kwa kiwango kikubwa hivyo. Baada ya hapo milango ikafunguka: EG95 dhidi ya Echinococcus granulosus mwaka 1996, protini za jamii hiyo dhidi ya Taenia saginata kwa ng'ombe, na TSOL18 dhidi ya Taenia solium kwa nguruwe. Marshall Lightowlers wa Chuo Kikuu cha Melbourne ametajwa katika karibu zote hizi. TSOL18 ilijaribiwa vijijini kaskazini mwa Kameruni pamoja na dawa ya oksifendazoli, na nguruwe waliochanjwa hawakukutwa na lava hata mmoja aliye hai.

Ukiziweka protini hizi mezani unaona undugu wao. Karibu zote ni za onkosfia, na zina kipande kinachofanana, kile wanakemia wanachokiita fibronekitini aina ya 3. Ningekuwa na haraka ningesema: basi chanjo moja inatosha tegu wote! Ndivyo nilivyosema nikiwa kijana, tena mbele ya watu. Tatizo ni kwamba kingamwili zinazolinda hazisomi herufi za protini, zinashika umbo lake lililokunjwa. Protini mbili zinaweza kufanana kwa mpangilio na bado mkunjo wa juu ukatofautiana kidogo tu, na kidogo hicho kinatosha kuifanya kingamwili iteleze. Ndiyo maana watengenezaji wa chanjo walilazimika kumtafutia kila tegu protini yake badala ya kutumia moja kwa wote. Onkosfia mzima huonyesha vitu vingi kwa pamoja, na kati ya hivyo kadhaa hufanana na vya jamaa zake. Ukichomoa kimoja tu, unapata nguvu na unapoteza upana.

Kuna mfano mmoja, nakiri, unaokwenda kinyume na maelezo yangu safi. Nchini Meksiko watafiti walichukua vipande vitatu vifupi vya protini kutoka kwa Taenia crassiceps, tegu ambaye akiwa mzima hukaa kwa mbweha na lava wake huzaana tumboni mwa vipanya kama chachu. Wakawachanja nguruwe dhidi ya Taenia solium. Katika jaribio la vijijini lililochapishwa mwaka 2001, idadi ya nguruwe walioambukizwa ilipungua kwa karibu nusu, na idadi ya vifuko ikapungua kwa zaidi ya 9 kati ya kila 10. Vipande vifupi, mkunjo si mkubwa, na spishi ni nyingine. Hiyo ni kinga mtambuka iliyotengenezwa kwa makusudi. Kila ninapodhani nimeielewa mada hii, mfano huo hunirudisha darasani.

Kuna pacha wa kinga mtambuka ambaye hudanganya watu kila siku, naye ni mwitikio mtambuka. Kipimo cha damu kinachotafuta antijeni za tegu, yaani vitu vyake ambavyo kinga huvitambua, kwa nguruwe hushindwa kutofautisha Taenia solium na Taenia hydatigena. Nguruwe mwenye hydatigena, ambaye hamdhuru binadamu, anaweza kuandikwa kwamba ana solium. Nimeona taarifa ambazo mwandishi, baada ya kuona serumu moja inatambua spishi mbili, anaruka na kusema mnyama amekingwa dhidi ya zote mbili. Kutambua si kulinda. Damu ya mnyama aliyejaa vifuko imejaa kingamwili, na nyingi kati yake hazimfanyi mnyoo lolote. Ukitaka kujua kama kuna kinga, lazima umpe mnyama mayai, usubiri, umpasue, uhesabu. Hakuna njia ya mkato, na najua inachosha.

Tena si kila anayekosekana amefukuzwa na kinga. Clark Read alieleza mwaka 1951 kwamba tegu wakiwa wengi katika utumbo mmoja, kila mmoja hudumaa, na maelezo mojawapo yaliyotolewa ni kwamba sukari inayopatikana inagawanywa kwa wengi. Mwaka 1961 John Holmes aliweka ndani ya panya diminuta pamoja na mnyoo mwenye kichwa cha miiba, Moniliformis, ambaye si tegu kabisa. Tegu akasogezwa nyuma, mbali na sehemu ya utumbo aliyoipenda. Hapo sababu ni ubavu na njaa. Kumbukeni vipanya wangu: kama ningeona tu kwamba nana yuko nyuma na diminuta hayupo, ningeweza kusema wamegombania nafasi. Kilichoondoa shaka katika kazi za wenzetu ni kwamba awamu ya nana ndani ya ukuta wa utumbo ndiyo iliyofanya kazi, na kinga ilibaki.

Nimepokea karatasi kutoka kwa mmoja wenu, naisoma: "Mwalimu, kama hydatigena humkinga nguruwe dhidi ya solium, na hydatigena hutoka kwa mbwa, tukiwapa mbwa wote dawa si tutamfungulia solium mlango?"

Swali zuri sana, na halikuzuka hewani. Kaskazini mwa Laos watafiti walikuta Taenia hydatigena imeenea kwa nguruwe huku solium ikiwa adimu, wakatoa dhana hiyo hiyo: huenda spishi moja inaizuia nyingine kwa kinga mtambuka. Nami naona inawezekana. Nguruwe akianza kumeza mayai ya hydatigena tangu mdogo, onkosfia hao wanaweza kumfunza kabla solium hajafika. Na solium si mchezo. Shirika la Afya Duniani linasema kwamba katika maeneo mengi anakoenea ndiye chanzo cha karibu asilimia 30 ya visa vya kifafa, kwa sababu onkosfia wake haogopi kuingia hata kwa binadamu na kukaa kwenye ubongo.

Lakini kuwa nadra kwa mmoja na wingi wa mwingine kuna maelezo mengi: watu wanavyotumia choo, nguruwe wanafugwa ndani au wanazurura, mbwa wanakula nini. Na mbwa yule yule unayemwacha na hydatigena ili akulinde, anaweza kuwa amebeba Echinococcus pia, na mayai ya Echinococcus yatakwenda moja kwa moja kwenye mikono ya mtoto anayemshikashika. Kwa hiyo jibu langu kwako ni kuwapa mbwa dawa, ila usiwaache nguruwe uchi. Wachanje kwa TSOL18 kwanza, au angalau wakati huo huo, ili kama hydatigena alikuwa analinda kitu, pengo lake lisikutwe wazi.

Muda wangu umekwisha, mwenyekiti ananitazama kwa jicho ninalolifahamu. Pale karibu na mlango nimeweka darubini mbili. Kila moja ina yai moja, yameuawa kwa fomalini na kuzibwa vizuri, msiogope. Moja ni la Taenia hydatigena, jingine ni la Taenia solium. Kulabu 6 mtaziona waziwazi kwenye yote mawili, zimekaa jozi jozi. Sikuandika lipi ni lipi, na nawaambia kweli, nami nimeshasahau.